Injini ya Masalio na Ndege ya Kwanza ya Kenya

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya bado inaruka. Haiko katika viwanja vya Nairobi, si Wilson wala Embakasi. Iko Old Warden, Uingereza, kwenye mkusanyo wa ndege za kale wa Shuttleworth, na jina lake ni lile lile la zamani: Miss Kenya. Nilikutana na habari hiyo nikitafuta jambo jingine kabisa, na tangu hapo haijaniacha, hasa nikipita Kawangware, ambako mafundi wa jua kali hushinda wakifufua injini ambazo wenye magari walishazikatia tamaa.

Maana injini ya Miss Kenya ni ya ukoo huo huo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, maghala ya Uingereza yalijaa injini za ndege zisizo na kazi. Kampuni iliyonunua masalio hayo, Airdisco, ilimwita mhandisi Frank Halford. Akaichukua Renault ya silinda 8 iliyotoa nguvu za farasi 80, akaisuka upya hadi ikatoa 120.

Wakati huo, mwaka 1924, kiwanda cha de Havilland kilikuwa na ndege mpya, DH.51, iliyofungwa injini nyingine ya masalio. Ikakwama kwenye cheti kwa sababu ya mfumo wake wa kuwasha: ulikuwa mmoja tu. Fundi wa ndege hahitaji kuelezwa ubaya wa hilo. Injini ya ndege ndogo hubeba magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikifa hewani nyingine ikurudishe nyumbani. Hata leo pale Wilson, kabla ya kuruka, rubani wa ndege ndogo huzima magneto moja, akasikiliza mlio ukishuka kidogo, akairudisha, kisha akazima ya pili. Mlio ukishuka kupita kiasi, safari imeishia hapo. De Havilland wakafunga injini ya Halford. DH.51 ziliundwa 3 tu, na moja, Miss Kenya, ikapakiwa melini hadi Mombasa mwaka 1925.

Halford hakuishia hapo. De Havilland walipotaka injini ya ndege nyepesi zaidi, aliigawa ile ya kwake nusu kwa nusu: silinda 8 zikawa 4, ikazaliwa Cirrus, iliyoirusha ndege ya kwanza ya Moth Februari 1925. Masalio yalipoelekea kwisha, ndipo ikaundwa mpya iitwayo Gipsy.

Miss Kenya ililetwa na John Carberry, mlowezi wa Nyeri. Mkewe Maia, mwanamke wa kwanza kurusha ndege Kenya, alifariki Machi 1928 pamoja na mwanafunzi wake, ndege ilipoanguka katika uwanja wa Ngong Road. Mwaka huo huo Miss Kenya iliuzwa kwa watu watatu waliochanga. Mmoja wao alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa vita aliyekuja kulima.

Sauti inayotufikisha karibu naye ni ya Beryl Markham, mfunza farasi wa mbio aliyekulia Njoro. Katika kitabu chake cha 1942 anasimulia jinsi Tom alivyomfundisha. Hakuwa mwalimu wa kupiga kelele. Siku moja alimwacha aelekeze ndege kwenye vilima vya Ngong, hewa inayoshuka mlimani ikaanza kuivuta chini, naye Tom kimya. Beryl akavuta usukani, ndege haikupanda, vilima vikazidi kusogea. Ni dakika ya mwisho tu ndipo mwalimu alipoishika ndege, akamweleza kilichotokea. Beryl anasema somo aliloonjeshwa hivyo halikumtoka tena. Baadaye alibeba barua na abiria, akatafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, kazi ambayo mimi siwezi kuipenda, lakini ndiyo iliyolipa mafuta.

Kando yake alikuwapo arap Ruta, rafiki wa utotoni, aliyetoka naye kwenye zizi la farasi akaingia naye kwenye banda la ndege. Tunamjua zaidi kwa maneno ya Beryl. Mikono yake ilijifunza nini juu ya injini? Je, kulikuwa na mtu aliyewahi kufikiria kumpa leseni?

Mwaka 1929 mjane Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways kwa Gipsy Moth moja, Tom akiwa rubani wake mkuu. Mchezo ukawa biashara. Uwanja wa Wilson wa leo ulifunguliwa 1933 na kupewa jina la mama huyo 1962. Kibera, ng'ambo ya Lang'ata Road, ni kongwe kuliko uwanja huo: askari Wanubi walikuwa wameshajenga pale muda mrefu kabla ndege yoyote haijatua. Karibu miaka 100 ya ujirani, na bado nashindwa kueleza kwa nini njia ya kijana wa Laini Saba, mle Kibera, kutoka spana ya pikipiki hadi spana ya ndege ni nyembamba hivi. Karo ni sehemu ya jibu. Si jibu lote.

Mwaka 1965 Miss Kenya ilipakiwa ndani ya ndege ya jeshi la Uingereza ikapelekwa huko. Waliokuja kuifufua ni wanagenzi wa kiwanda cha Hawker Siddeley, vijana waliokuwa wakijifunza kazi. Kenya ilikuwa na wanagenzi pia. Nani aliamua kwamba mazoezi hayo si yao?