Shofa Amegonga: Nani Atalipa?

Baba arudi nyumbani usiku, kichwa chini. Kamyo ya bwana wake imebomoa ukuta wa nyumba ya mtu kando ya njia ya Likasi. Mama auliza mara moja: mshahara wetu utakwisha?

Sheria ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888 ingali na nguvu hata leo. Kifungu cha 258 chasema, mwenye kuharibu kwa kosa lake sharti alipe. Lakini kifungu cha 260 chaongeza: bwana hujibu kwa hasara ambayo mtumishi wake ameifanya katika kazi aliyopewa. Basi mwenye ukuta aweza kumdai mwenye kamyo, wala huyu hawezi kujitetea kwamba hakuwako.

Tusidanganyane: shofa naye aweza kudaiwa. Na mtu akifa kwa uzembe wake, kifungo ni cha yeye aliyeshika usukani, si cha bwana.

Akichukua kamyo bila ruhusa, kwa kubeba makaa yake mwenyewe, hapo mabishano huanza mbele ya mwamuzi.

Lakini karatasi ya deni inayoletwa usiku ule ule, Baba, usiitie sahihi kabla mjuzi wa sheria hajaisoma.