Mfuko wa Chama: Kutoa na Kuweka

Watu wengi hudhani kwamba chama cha kusaidia wengine hakipaswi kuwa na akiba. Husema: "Fedha zimetolewa kwa ajili ya maskini, mbona zinalala sandukuni?" Wengine hujibu: "Tusitoe kitu, maana ya kesho hayajulikani." Je, ni nani mwenye haki?

Tutazame chama cha Rotary, kilichoanzishwa na Paul Harris mjini Chicago mwaka 1905. Mwaka 1917 rais wake, Arch Klumph, aliwashauri wenzake waweke mfuko wa kudumu wa kutenda mema duniani. Mwaka 1918 ukaja mchango wa kwanza kutoka klabu ya Kansas City: dola 26 na senti 50 tu. Kumbe, mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Mwaka 1928 mfuko ulikuwa umepita dola 5,000. Naye Harris alipofariki mwaka 1947, michango ikamiminika kwa heshima yake, na mwaka huohuo wanafunzi 18 wakasaidiwa kwenda kusoma ng'ambo. Haba na haba hujaza kibaba.

Klabu za Lions, zilizoanza mwaka 1917, zatufundisha jambo la pili: mifuko miwili. Ada za wanachama hulipa karatasi, barua na chumba cha mkutano. Lakini fedha zilizochangwa kwa watu huwekwa mbali, nazo hurudi kwa watu. Mwaka 1925 Helen Keller aliwasihi Lions wawasaidie vipofu. Basi, mwanachama asinywe chai kwa fedha ya kipofu.

Na akiba iwe kiasi gani? Tuseme chama kidogo hutumia faranga 20,000 kwa mwezi. Akiba ya miezi mitatu ni faranga 60,000. Yatosha kukivusha wakati ada zinapochelewa. Kinachozidi hapo kina mwenyewe: mgonjwa, yatima au mwanafunzi anayengoja.

Tena, mtunza hazina aandike kila fedha siku ileile, asitoe kitu bila sahihi ya mwenzake, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwaka. Si kwamba ni mwizi. Hiyo ndiyo ngao ya jina lake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayetoa yote leo hatakuwa na la kumpa mgonjwa wa kesho. Naye afichaye yote amemnyima mgonjwa wa leo. Chama chenye busara huwakumbuka wote wawili.