Minyoo wa Panya wa Porini: Jina Sahihi Hupatikanaje? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi panya shamba, Mastomys natalensis, anavyotegwa kando ya mashamba ya mahindi huko Morogoro, kwa mitego ya visanduku vya bati na chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Leo panya yuko juu ya meza ya maabara. Amepimwa uzito na urefu, na anayempasua amevaa glavu na barakoa, kwa kuwa jamii hii ya wanyama hueneza homa ya mgunda, na Lushoto na Mbulu ni wilaya zinazoikumbuka tauni vizuri.

Swali letu ni moja: minyoo waliomo ndani yake ni spishi gani? Ripoti inayoishia kusema kwamba panya walikutwa na minyoo haijamsaidia mkulima, mganga wala daktari wa mifugo. Minyoo wawili wanaofanana machoni wanaweza kutofautiana kabisa katika njia wanayopitia kumfikia binadamu, na wengine hawamfikii kamwe.

Kazi huanza kwa jina la panya mwenyewe. Mastomys natalensis na ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Mastomys coucha, hawatenganishwi kwa rangi ya manyoya wala kwa urefu wa mkia. Wa kwanza ana kromosomu 32, wa pili 36. Minyoo wengi huchagua mnyama wa kuishi ndani yake, kwa hiyo ukikosea jina la mwenyeji umeshaanza kukosea jina la mgeni.

Baada ya hapo huangaliwa mahali. Tumbo, utumbo mwembamba, kile kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana, na utumbo mpana wenyewe, kila kimoja hufunguliwa katika kisahani chake chenye maji ya chumvi. Tegu wakubwa hukaa utumbo mwembamba; minyoo mjeledi na wengi wa minyoo wadogo wa jamii ya Syphacia hukaa kwenye kile kifuko. Anayemwaga yote katika bakuli moja ametupa ushahidi kabla hajagusa hadubini. Mapafu nayo hayaachwi, maana mishipa yake ndiyo makazi ya Angiostrongylus cantonensis, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1935 kutokana na panya wa Canton, mji ambao leo unaitwa Guangzhou, nchini China. Jike lake hutambulika upesi: utumbo uliojaa damu na mirija ya mayai iliyo myeupe huzungukana mwilini kama nyuzi mbili za rangi zilizosokotwa. Mabuu yake hupitia kwa konokono, na yakimwingia mtu huweza kumletea uvimbe wa utando wa ubongo.

Kiungo kinachonivutia kuliko vyote ni ini. Humo mara nyingine huonekana uvimbe mweupe wenye buu refu lililojikunja, na mwili wake una pingili tayari ingawa bado halijakomaa. Hilo ni buu la tegu wa paka, Taenia taeniaeformis, linalongoja paka amle panya. Lakini ini hilohilo likiwa na mabaka ya njano iliyofifia, jambo ni lingine. Huenda ni Calodium hepaticum, mnyoo anayetaga mayai yake ndani ya nyama ya ini na kuyaacha humo. Mayai hayo hayatoki mpaka panya afe na kuoza, au aliwe na mnyama mwingine.

Hapa utambuzi unagusa hospitali moja kwa moja. Kusini mwa Tanzania na Malawi panya ni kitoweo. Mtu akila ini lenye mayai ya Calodium, mayai hupita tumboni mwake na kutoka chooni bila kumdhuru, kwa kuwa hayajakomaa. Mtaalamu wa maabara akiyaona, atakutana na yai lenye umbo la pipa na kizibo kila upande, kama lilivyo yai la mnyoo mjeledi wa binadamu. Akiwa na haraka, ataandika kwamba mgonjwa ana mnyoo mjeledi na dawa itatolewa bure. Akitazama ganda, ataona tofauti: la Calodium lina vishimo na mistari midogo, la mnyoo mjeledi ni laini.

Tegu wadogo nao wanataka jicho la namna hiyo. Hymenolepis diminuta, tegu wa kawaida wa panya, hufikia sentimita 20 hadi 60, kichwa chake hakina kulabu, na ni lazima apitie kwa mdudu, kwa mfano mbawakawa wa unga au kiroboto. Mtoto humpata akimeza mdudu huyo ndani ya nafaka. Hymenolepis nana hazidi sana sentimita 4, kichwani ana mduara wa kulabu 20 hadi 30, na mayai yake yanaweza kutoka mtu hadi mtu bila mdudu yeyote. Ni Theodor Bilharz, yule aliyegundua minyoo wa kichocho, aliyemkuta tegu huyu mdogo katika utumbo wa mvulana mjini Cairo mwaka 1851. Kwa wa kwanza, dawa ya kinga ni kusafisha ghala. Kwa wa pili, ni sabuni na choo.

Ili kulabu zihesabike, tegu hulegezwa katika maji baridi, hubanwa kidogo kati ya vioo viwili, hutiwa rangi nyekundu ya karmini, kisha hung'arishwa, mara nyingi kwa mafuta ya karafuu, mpaka viungo vya ndani vionekane.

Kwa minyoo mjeledi, hata hadubini hufika kikomo. Kwa muda mrefu wengi wa panya na panya-buku waliandikiwa jina moja, Trichuris muris. Mwaka 1960 Trichuris mastomysi wa panya wa jenasi ya Mastomys alielezwa Afrika Kusini kuwa spishi yake peke yake, na mwaka 2000 Trichuris arvicolae wa Ulaya naye alitenganishwa. Sasa vinasaba huamua pale ambapo urefu wa mwiba wa uzazi wa dume na ala yake vinaacha shaka. Lakini vinasaba vinalinganishwa na sampuli ambayo mtu aliyejua kutazama aliipa jina kwanza. Wanafunzi wanaofundishwa mashine bila kufundishwa kutazama wanadhulumiwa.

Nawaomba basi wenzangu wa maabara za wilaya na vyuo: ukikuta mnyoo ndani ya panya, usimtie kwenye formalini, kwani huharibu vinasaba. Mtie kwenye alkoholi ya asilimia 70 au zaidi, na ndani ya chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: aina ya panya, kiungo, kijiji na tarehe. Wino huyeyuka katika alkoholi, penseli hubaki.

Juma lijalo: viroboto na kupe wa panya.