Maua ya Utepe na Vifungo vya Kale Juu ya Viraka Holela

Mfarishi wa viraka holela hauna miraba iliyopangwa. Vipande vya hariri na mahameli vya kila umbo hushonwa juu ya kitambaa cha pamba, kimoja kikipanda ukingo wa kingine, kisha mishono hufunikwa kwa darizi. Akina mama wa Marekani waliuchangamkia mtindo huu baada ya maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, yaliyoleta sanaa za Japani na tarizi za Uingereza, na miaka ya 1880 ukapamba moto. Mifarishi mingi ya aina hii haikuwa ya kujifunika usiku. Ilitandazwa sebuleni, wageni waione.

Ndiyo maana mapambo yake yana ruhusa ya kutuna.

Ua la utepe ni rahisi kuliko linavyoonekana. Ukingo mmoja wa utepe hupigwa bandi ndogondogo, uzi ukavutwa mpaka utepe ujikunje, kisha ukazungushwa kuanzia katikati na kushikizwa kwa chini. Siri iko kwenye sindano: sharti ipenye hadi pamba ya chini. Ua lililoning'inia kwenye hariri peke yake litaichana, na kifungo kizito kitaichana upesi zaidi.

Kwa vifungo, mtu aanze na vya gamba. Mwaka 1891 Mjerumani John Boepple alianza kukata vifungo kutoka kwa kome wa mto Mississippi huko Muscatine, Iowa, na mji huo ukaja kusifika kwa kazi hiyo. Gamba halisi likigusishwa shavuni huwa la baridi. Plastiki haina ubaridi huo. Vifungo vitatu vya ukubwa tofauti katikati ya maua hupendeza kuliko kumi vilivyotawanywa.

Vya seluloidi, ile plastiki ya zamani, vinataka tahadhari kubwa. Vikilowa maji ya moto hunuka kafuri. Tena hushika moto haraka, na vikichakaa hutoa mvuke wa asidi unaokula vitambaa na chuma. Vya chuma navyo huacha kutu. Hivyo viwili visishonwe kabisa kwenye hariri.

Mfarishi wa kale wenyewe uachwe ulivyo. Hariri nyingi za wakati ule ziliongezwa uzito kwa chumvi za madini, na leo zinapasuka hata bila kuguswa. Kuzipachika kifungo kipya ni kuzimaliza. Mwenye hamu ya kupamba ashone wake mpya, na wa bibi autunze mbali na jua.