Vivimbe vya buluu kwenye ngozi, damu inayopotea tumboni

Mtoto anakuwa mweupe machoni na viganjani, anachoka upesi, anapelekwa hospitali na kuongezewa damu. Miezi michache ikipita, damu imepunguka tena. Mashariki mwa Kongo watu hufikiria kwanza malaria na minyoo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa nadra sana unaomaliza damu ndani ya matumbo, mara nyingi bila maumivu, huku alama yake ikionekana wazi kwenye ngozi.

Unaitwa ugonjwa wa Bean, kwa jina la daktari wa Marekani William Bean aliyeueleza mwaka wa 1958. Mishipa inayorudisha damu moyoni inakuwa imeumbwa vibaya, inapanuka na kutokeza vivimbe laini vya buluu au zambarau. Ukikibonyeza kivimbe kinabonyea kama mpira. Ukikiachilia kinajaa tena polepole. Vile vya ngozi kwa kawaida havina hatari kubwa. Shida ni vile vilivyofichika ndani, hasa katika utumbo mwembamba, vinavyovuja damu kidogo kidogo kwa miaka. Choo kinaweza kuwa cheusi kama lami, au damu isionekane kabisa kwa macho. Pengine kivimbe kinasababisha utumbo kujiingiza ndani yake wenyewe, na hapo mgonjwa anahitaji kupasuliwa haraka.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kazi ya mchawi. Kwa wagonjwa wengi haurithiwi pia: mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwamba unatokana na mabadiliko katika jeni iitwayo TEK, ambayo kwa kawaida mzazi hana.

Dawa za kuongeza madini ya chuma na damu ya kuongezewa humsaidia mgonjwa, lakini hazizibi panapovuja. Madaktari hutafuta vivimbe kwa kamera ndogo inayopitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa, na vingine huondolewa kwa upasuaji. Katika miaka ya karibuni, sirolimus, dawa iliyozoeleka kwa watu waliopandikizwa figo, imepunguza kuvuja kwa wagonjwa wengi. Ila inashusha kinga ya mwili, hivyo haitumiwi bila daktari kufuatilia.

Mzazi ambaye mtoto wake anaishiwa damu kila mara, na ana vivimbe hivyo hata kimoja au viwili, amwonyeshe daktari na kuomba choo kipimwe kama kina damu. Kipimo hicho ni rahisi, hakihitaji kamera.