Tanzania: Injini ipi inalifaa boti dogo la uvuvi Ziwa Tanganyika?

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mapumziko ya namna hii humpa mwenye boti nafasi ya kuziba nyufa, kushona nyavu na kuamua jambo zito kuliko yote kwa mfuko wake: anunue injini ya nguvu gani?

Wengi huamini kwamba injini kubwa ndiyo bora. Imani hiyo ina gharama, kwani ziwa hili linalogusa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia huvuliwa dagaa na migebuka usiku, na kila safari huanza kwa kununua petroli kabla samaki hata mmoja hajaonekana.

Jambo la kwanza ni umbo la boti. Boti la mbao lililosheheni halirukii juu ya maji, hulipasua. Kwa hiyo lina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake. Boti ambalo sehemu yake iliyogusa maji ina urefu wa mita 7 hufikia kikomo hicho kwenye kilomita 12 hivi kwa saa. Likisukumwa zaidi, tezi hudidimia, omo huinuka, na nguvu inayoongezwa huishia kutengeneza mawimbi.

Tuchukue mfano. Mvuvi anakwenda kilomita 12 na kurudi. Injini ya nguvu za farasi 15, ya aina inayochanganywa oili na petroli, ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia karibu lita 7 kwa saa. Kwa saa 2 za safari, ni lita 14. Injini ya farasi 40 ya aina hiyohiyo hutumia karibu lita 20 kwa saa. Tuseme italifikisha boti hilo kilomita 15 kwa saa: safari itachukua saa 1 na dakika 36, na petroli itakuwa lita 32. Ameokoa dakika 24, amepoteza lita 18. Akienda kuvua usiku 20 kwa mwezi, hasara ni lita 360.

Namna ya kukadiria ni kupima uzito wote: boti, injini, wavuvi, nyavu, taa, mafuta na samaki wanaotarajiwa. Kila tani yatosha kupewa farasi 4 au 5. Boti la tani mbili na nusu linahitaji basi farasi 10 hadi 12 na ushei. Injini ya farasi 15 huacha akiba ya kupambana na upepo.

Akiba hiyo si anasa. Katika kiangazi upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi makali, na injini dhaifu inaweza kushindwa kulirudisha boti nchi kavu. Lakini injini kubwa mno nayo ni hatari. Ya farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40. Ya farasi 40 hupita kilo 70. Uzito huo ukiwekwa kwenye tezi la boti dogo, pamoja na nahodha na pipa la mafuta, wimbi la nyuma hupata njia ya kuingia.

Injini kubwa ina mahali pake: kwenye maboti mapana ya abiria na mizigo, au kwenye maboti mepesi yenye chini bapa yanayoweza kuteleza juu ya maji.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apime pia kimo cha ubao wa tezi. Injini za shingo fupi hufaa kimo cha sentimita 38 hivi, za shingo ndefu sentimita 51. Rafadha ikikaa juu mno huvuta hewa na kuzunguka bure. Ikizama mno huburuta maji. Aidha, aulize kama vipuri na fundi vinapatikana karibu. Injini isiyochanganywa oili hutumia petroli kidogo, lakini ni nzito zaidi na bei yake ni ya juu.

Aliyekwisha nunua injini kubwa hajafungiwa mlango. Apunguze mwendo: kupunguza kasi kwa sehemu moja ya kumi hupunguza nguvu inayohitajika kwa zaidi ya robo, na petroli hupungua pamoja nayo. Na injini iwe ya ukubwa wowote, makasia na majaketi ya kuokolea maisha yasibaki nyumbani, kwa kuwa hakuna injini isiyoweza kuzimika katikati ya ziwa.