Taa ndogo za dashibodi si pambo

WENYE pikapu kuukuu wanaposhindwa kusoma spidomita usiku hudhani nyaya zimeharibika. Aghalabu kasoro huwa ni balbu ndogo iliyoungua.

Kwanza, fyuzi ikaguliwe na swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi izungushwe hadi mwisho. Giza likidumu, waya wa hasi wa betri uondolewe, skrubu zifunguliwe na paneli ya geji ivutwe taratibu, kwani katika magari mengi ya zamani kebo ya spidomita hushikana nayo kwa nyuma. Kishikio cha balbu huzungushwa kidogo kikatoka.

Balbu mpya iwe ya volti 12 na wati sawa na ile ya awali. Yenye wati nyingi huweza kuyeyusha plastiki. Balbu za LED hazitoi joto jingi, ila zikiwekwa kinyume haziwaki, hugeuzwa tu.

Hata hivyo, taa nyekundu yenye alama ya betri isichezewe. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopitia balbu hiyo ndio huiamsha alteneta. Ikiungua, au ikibadilishwa kwa LED inayopitisha umeme haba, betri huenda isichajiwe na gari likazimika safarini. Nayo taa ya oili ikiungua, dereva hatajua kwamba msukumo wa oili umeshuka hadi injini ikwame.

Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kunguruma, taa hizo mbili sharti ziwake. Zisipowaka, safari isubiri fundi.